Donda ndugu lililopona siku ya 16: kisa cha panya wa sukari na asali ya nyuki wadogo

Usuli

Majina nimeyatoa yote, chuo pia, mji pia. Mimi ni daktari wa mifugo, na kwenye ile maabara kazi yangu ilikuwa kuangalia afya ya panya na kusaini andiko la kila mwanafunzi kabla halijaenda kamati ya maadili. Kwa hiyo nikisema hapa chini "walikosea" mnihesabu na mimi humo, sahihi yangu iko ukurasa wa mwisho wa lile andiko.

Mwanafunzi tumwite Dada M, alikuwa anafanya masters. Kwao asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, ndiyo dawa ya kwanza mtoto akiungua. Ni asali nyepesi, ina uchachu kidogo, na bei yake ni mara kadhaa ya asali ya kawaida, mkiijua mnajua. Sasa kuna ndugu yake mmoja alikuwa na kisukari, kiatu kipya kikamkwangua unyayoni, na kwa vile miguu ilishaingia ganzi hakusikia kitu, alipokuja kuona damu kwenye soksi ni siku ya tatu. Kidonda kikakaa miezi, mwisho vidole viwili vikakatwa. Dada M akajiuliza swali ambalo hata mimi ningejiuliza: hii asali inaweza kusaidia donda ndugu la mtu mwenye sukari au ni maneno ya nyumbani tu?

Swali zuri. Shida ilianzia pale swali lilipogeuzwa kuwa panya.

Mpango ulikuwa hivi. Panya 30 wakubwa wa aina ya Wistar, madume, gramu 200 mpaka 250. Panya 24 wanachomwa streptozotosini wapate sukari, 6 wanabaki wazima. Streptozotosini asili yake ni bakteria wa udongo anaitwa Streptomyces achromogenes, inaingia kwenye seli za beta za kongosho kwa mlango uleule glukosi inapopitia, na inaziua, panya anabaki hana insulini ya kutosha. Dozi 55 mg kwa kilo, sindano moja ya tumboni. Sukari ya damu ikivuka 13.9 mmol/L siku ya tatu, panya anahesabika mgonjwa. Baada ya wiki moja anakatwa vidonda viwili vya duara mgongoni, milimita 8 kila kimoja, halafu makundi matatu: asali, krimu ya silva salfadiazini, na gozi kavu bila dawa. Piga picha kila siku mbili, pima eneo, linganisha. Kichwa cha utafiti kilikuwa na maneno "donda ndugu la kisukari" na hakuna aliyeyashtukia, si msimamizi wake, si kamati, si mimi.

Raundi ya kwanza, siku kwa siku

Siku ya sindano Dada M aliyeyusha dawa yote asubuhi kwenye chupa moja, akaanza kuchoma saa tatu. Panya 24, mtu mmoja wa kushika na mmoja wa kuchoma, na panya wa kwanza alimng'ata mshikaji, wakasimama kutafuta glavu nene, wakaendelea, wakamaliza saa tano na nusu. Streptozotosini ikishaingia kwenye bafa ya sitreti, yale maji ya kuiyeyushia, inaanza kuharibika palepale, watu wanaoijua wanaitumia ndani ya dakika 15 au 20 hivi ikiwa kwenye barafu. Panya wa mwisho wachache naamini walichomwa maji yenye historia ya dawa.

Usiku huohuo wakafa wawili. Hii ilikuwa ya kuzuilika kabisa. Seli za beta zinapokufa kwa mkupuo zinamwaga insulini yote zilizokuwa nayo, sukari inaporomoka badala ya kupanda, na usipoweka maji yenye sukari kwenye chupa kwa siku moja au mbili za mwanzo unakuta maiti asubuhi. Hayakuwekwa. Panya wa utafiti wa kisukari wamekufa kwa kukosa sukari, na mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

Aliyejua kwanza kwamba kuna tatizo jingine hakuwa na kipimo chochote. Ni mzee anayehudumia nyumba ya wanyama, wote tunamwita Mzee tu. Siku ya tatu asubuhi Dada M kafika na kimashine chake cha sukari, akamwamkia, na Mzee akamwambia, "Marahaba mwanangu. Hizi keji tatu za mwisho mbona maranda makavu?" Dada M hakuelewa. Mzee akamwonyesha: panya mwenye sukari anakunywa kama hana akili nzuri na anakojoa vivyo hivyo, ukiingiza kidole kwenye maranda yake yamelowa chapa, harufu nzito, unabadilisha kila siku. Zile keji tatu maranda yalikuwa yanaruka vumbi.

Kimashine kikathibitisha. Kati ya 22 waliobaki, 15 walikuwa juu ya mstari, wengine mpaka kimashine kinaandika HI, yaani juu mno hakiwezi kusoma, na 7 walikuwa chini, karibu wote wa zile keji za mwisho.

Hapo ndipo ulifanyika uamuzi ambao baadaye ulitugharimu. Bajeti ya panya wengine haikuwepo, kwa hiyo wale 7 wakachomwa tena. Wanne wakapanda, lakini kwa kusuasua, 14, 15, hapo hapo, watatu wakakataa wakatolewa. Jumla wagonjwa 19, wakachukuliwa 18, sita kila kundi. Na namna ya kugawa? Kwa keji. Shelfu ya juu gozi, ya kati krimu, ya chini asali. Wale wanne wa kurudia walikuwa shelfu ya chini.

Vidonda vikakatwa, na siku mbili za kwanza tukagundua asali kwa panya ni chakula. Wanajilamba, wanalambana, anavua gozi la mwenzake anakula asali iliyobaki na kipande cha plasta juu. Siku ya nne sisimizi wakaingia, mstari mmoja mzuri kutoka dirishani mpaka shelfu ya chini, na Mzee akalazimika kuweka miguu ya shelfu kwenye makopo ya maji kama kabati la sukari la bibi. Nani alipata asali kiasi gani hapo, na kwa njia ya ngozi au ya mdomo, hakuna anayejua.

Siku ya 14 kundi la asali lilikuwa limefunga karibu kabisa. Gozi lilifuata siku mbili baadaye, krimu katikati. Dada M alinipigia simu kwa furaha, msimamizi akaanza kutaja majarida.

Mimi kilichonikaa ni hiyo siku ya 16. Panya ana sukari 25, hajawekewa dawa yoyote, kidonda chake kimefunga siku ya 16. Sasa hilo ni donda ndugu gani? Kwa binadamu tunaanza kuita kidonda sugu kikishapita wiki nne hakioneshi dalili, wengine wanasubiri miezi mitatu. Hiki kilikuwa kidonda cha kawaida kwenye mnyama mwenye sukari, kimechelewa kidogo tu.

Slaidi iliyomaliza mjadala

Ngozi za siku ya 16 zilikatwa zikapakwa rangi, na fundi wa maabara ya tishu akaniita niangalie kwenye hadubini. Chini ya ngozi ya panya kuna shuka jembamba la msuli, panikulasi kanosusi. Mfugaji anaujua msuli huu bila kujua jina: nzi akitua mgongoni kwa ng'ombe, ile ngozi inayotikisika yenyewe, ndio huo. Binadamu tumebakiwa na mabaki yake tu, kama pale shingoni. Na ngozi ya panya imelegea, haijashikana na kilichopo chini. Kwa hiyo ukimkata duara la milimita 8 hahangaiki sana kujenga ngozi mpya, anavuta kingo zikutane, kama mdomo wa kiroba unavyofungwa kwa kamba.

Kwenye slaidi ilikuwa wazi. Ncha mbili za msuli zilizokatwa zilikuwa zimesogeleana sana, katikati yake nyama mpya ni kamstari tu. Kidonda hakikujengwa, kilivutwa. Binadamu hafungi kidonda cha unyayoni hivyo, anakijaza nyama mpya kutoka chini na anasukuma ngozi mpya kutoka pembeni, na hizo kazi mbili ndizo zinazokwama kwenye donda ndugu. Tulikuwa tumepima kwa rula, kwa umakini sana, kitu ambacho mgonjwa wetu hana.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa kikao, msimamizi, Dada M, mimi, na mwalimu mmoja wa takwimu aliyekuja kwa hisani. Mezani kulikuwa na njia nne.

Ya kwanza, chapisha hivyohivyo. Msimamizi aliitaka na simlaumu, miezi minane imeisha na majarida yanachapisha kazi za namna hiyo kila wiki. Mwalimu wa takwimu aliiua kwa swali moja: mna panya 6 au vidonda 12? Maana kwenye jedwali Dada M aliandika 12 kila kundi. Vidonda viwili vya mgongo mmoja vina sukari moja na damu moja, huwezi kuvihesabu kama wagonjwa wawili. Alipohesabu upya kwa panya 6, na alipowaondoa wale wanne waliochomwa mara mbili, kundi la asali lilibaki na panya wawili. Chumba kikanyamaza.

Ya pili, vipanya, wale wadogo kuliko panya wetu, wa aina iitwayo db/db. Hivi vimezaliwa na kasoro kwenye kipokezi cha leptini, homoni ya shibe, vinanenepa, vinapata sukari vyenyewe, na vidonda vyao vinachelewa kweli. Vina sifa: mwaka 1990 walionyesha kwa vipanya hivyo kwamba kichocheo cha ukuaji kiitwacho PDGF kinaharakisha kupona, na 1997 Marekani ikaidhinisha jeli ya PDGF, bekaplamini, kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Lakini kuviagiza mpaka kwetu ni bei ya kiwanja, na kuna swali la pembeni, leptini yenyewe inashiriki kuponya ngozi, kwa hiyo sehemu ya ule ucheleweshaji sio ya sukari.

Ya tatu, nguruwe. Ngozi yake imeshikana na chini kama yetu, inapona kama yetu. Kuna mapitio ya 2001 yaliyolinganisha tafiti za wanyama na za binadamu kwenye tiba za vidonda: nguruwe walikubaliana na binadamu asilimia 78, wanyama wadogo asilimia 53. Yaani 53, rusha shilingi. Ila nguruwe mmoja anahitaji banda, dawa ya usingizi ya kutosha, na watu wanne wa kumshika, tukaiacha.

Ya nne ndiyo tuliichukua: panya walewale wa Wistar lakini kwa kushonea pete ya silikoni kuzunguka kidonda ili ngozi isivutwe. Njia hii ilitangazwa kwa vipanya mwaka 2004 na inajulikana. Tuliirudisha kamati ya maadili kama mabadiliko ya andiko, na kamati ikatuuliza kwa haki kabisa kwa nini panya wengine wateseke kwa sababu sisi hatukufikiri mara ya kwanza. Tulijibu kwa kupunguza idadi na kuandika mstari wa kusimama: panya akipoteza asilimia 20 ya uzito analazwa usingizi wa mwisho, hakuna kubembelezana.

Kuna jambo moja liliongezwa na Dada M mwenyewe na ndilo naliheshimu kuliko yote. Akasema kundi la gozi kavu halikuwa mshindani wa haki. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu kinaota ngozi mpya karibu mara mbili haraka kuliko kilichoachwa kikauke. Sasa asali ina unyevu na ni nzito, ukiilinganisha na gozi kavu unajuaje kama ni nyuki au ni unyevu tu? Akapendekeza kundi la shira ya sukari, uzito ule ule. Msimamizi alikunja uso maana wote tulijua hatari yake: shira ikilingana na asali, furaha yote imeisha.

Raundi ya pili

Dawa iliyeyushwa kidogokidogo, ya panya wanne kwa mara moja, chupa kwenye barafu imezungushiwa foili. Maji ya sukari asilimia 10 siku mbili za kwanza, hakufa hata mmoja. Sukari ikapimwa mara mbili kwa siku tofauti, na kabla ya dawa ya usingizi, kwa sababu zailazini, mojawapo ya dawa hizo, peke yake inapandisha sukari na ukipima panya akiwa amelala unaweza kumwita mgonjwa mzima wa afya. Waliokuwa chini ya mstari hawakurudiwa, walitolewa. Tulisubiri wiki nne kabla ya kukata. Kugawa makundi kwa karatasi zilizokunjwa kwenye kofia ya Mzee, na Mzee ndiye aliyechomoa.

Pete za silikoni za maabara zilikuwa ghali mno, tukanunua shiti ya silikoni ya kuokea keki mjini, tukaipitisha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, tukatoboa pete. Ilifaa. Kila pete gundi kidogo na nyuzi nane za nailoni. Panya mmoja keji moja, maana wakikaa pamoja wanang'oana pete, na asali hailambwi na jirani. Shingoni kola ya plastiki siku za mwanzo. Sheria ikaandikwa kabla: pete ikiachia nusu ya nyuzi, kidonda hicho hakihesabiki, hata kama kinaendelea vizuri. Vidonda viwili vya panya mmoja dawa moja, na kwenye hesabu wastani wake ni namba moja.

Maumivu tuliyatibu kwa meloksikamu, kila kundi sawa. Najua inagusa uvimbe na uvimbe ni sehemu ya kupona. Kuna wanaoacha dawa ya maumivu kwa hoja hiyo. Mimi sisaini hilo.

Picha zilipewa namba za siri na mwanafunzi wa maabara nyingine, Dada M akapima eneo kwenye ImageJ, programu ya kompyuta ya kupima picha, bila kujua anaangalia kundi gani. Alilalamika kwamba haijawahi kumchosha kazi kama hiyo, hakuna kundi la kulishangilia.

Matokeo

Kwa pete, vidonda vilichukua kama wiki tatu badala ya mbili. Kwenye slaidi nyama mpya ilikuwa pana, ngozi imetambaa kutoka pembeni, angalau sasa tulikuwa tunapima jambo linalofanana na la mtu.

Asali iliishinda gozi kavu, tena vizuri. Asali dhidi ya shira ya sukari: tofauti ndogo wiki ya kwanza, vidonda vya asali vikiwa visafi zaidi, halafu mistari ikakutana na ikaenda pamoja mpaka mwisho.

Dada M aliondoa maneno "donda ndugu" kwenye kichwa cha tasnifu, akaandika kidonda cha kukatwa kwa panya mwenye kisukari cha streptozotosini. Mtahini wa nje alimsifu kwa kundi la shira. Raundi ya kwanza ameiweka kama sura nzima, pamoja na sisimizi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi nakitaja haraka: pete, shira, kufichana makundi, na jicho la Mzee. Mpaka leo fomu yetu ina safu ya "maranda: makavu/yamelowa" na inatuambia mapema kuliko kimashine.

Kilichofeli kinahitaji maneno zaidi. Kosa la msingi halikuwa la ufundi. Hatukukaa chini kabla kuandika mgonjwa wetu ana nini hasa. Yule ndugu yake Dada M alikuwa na sukari ya miaka mingi, miguu imekufa ganzi, damu haifiki vizuri, anatembelea kidonda kila siku kwa kilo zake zote, na humo ndani kuna bakteria wamejijengea utando. Panya wetu alikuwa na kimoja tu katika hivyo, sukari, tena ya wiki moja, kijana mwenye mishipa mipya. Hata raundi ya pili tulirekebisha namna kidonda kinavyofunga, hatukugusa ganzi, wala mgandamizo, wala utando wa bakteria. Zipo njia za kila kimoja: sikio la sungura lililokatwa mishipa kwa ukosefu wa damu (na gegedu lake linazuia kuvutwa, bila pete), sumaku mbili za kubana ngozi kwa mgandamizo, bakteria wa Pseudomonas kwenye vipanya vya db/db kwa utando. Hakuna mnyama mmoja anayebeba vyote, kwa hiyo lazima uchague unataka kujua nini. Na panya anajitengenezea vitamini C mwenyewe, jambo ambalo mgonjwa anayekula ugali na chai mchana kutwa hana.

La pili ni ile sindano ya kurudia. Tuliifanya kwa huruma ya bajeti, na ikapeleka panya wenye nafuu wote kwenye kundi tulilotaka lishinde. Hakuna aliyedanganya. Shelfu ya chini tu.

La tatu linanisumbua mpaka leo na halipo kwenye tasnifu. Streptozotosini inaweza kusababisha saratani, na mabaki yake yanatoka kwenye mkojo wa panya siku za mwanzo baada ya sindano. Raundi ya kwanza, Mzee aliingiza kidole kwenye yale maranda siku ya tatu bila glavu, na siku mbili kabla yake alikuwa anayabadilisha hivyohivyo, kwa sababu karatasi ya tahadhari ilibandikwa mlango wa maabara na si mlango wa nyumba ya wanyama. Sote tulimsifu kwa lile jicho, hakuna aliyeuangalia mkono. Raundi ya pili alipewa glavu, barakoa na koti, na maranda ya siku hizo yakaenda kuchomwa badala ya jalalani. Akaniuliza, "Daktari, na yale ya mwanzo je?" Nilimpeleka kliniki ya chuo afunguliwe faili na awe anaangaliwa, na tarehe za zile siku tatu nikaziandika mwenyewe ukurasa wa kwanza.